Kulipima Dai la Asilimia: Mfano wa Uotaji wa Mbegu za Mahindi

Bidhaa nyingi hubeba ahadi iliyoandikwa kwa asilimia. Mfuko wa mbegu hutaja kiwango cha uotaji. Tangazo la sabuni hutaja sehemu ya watumiaji walioridhika. Muuzaji wa vifaranga hutaja wangapi watafika umri wa kuuzwa. Ahadi ya namna hii haizungumzii kitu kimoja ulichokishika mkononi, bali kundi zima ambalo kitu hicho kimetoka. Kwa sababu hiyo, haithibitishwi wala haikanushwi kwa kutazama kitu kimoja, na mtumiaji anayetaka kuipima hana budi kufuata utaratibu.

Makala haya yanaeleza utaratibu huo kwa kutumia mfano wa mbegu za mahindi. Mfano huu umechaguliwa kwa kuwa kiwango chake kinajulikana: mbegu za mahindi zilizothibitishwa zinatakiwa ziote kwa asilimia isiyopungua 90. Umechaguliwa pia kwa kuwa ni miongoni mwa madai machache ambayo mnunuzi anaweza kuyapima mwenyewe nyumbani, kabla hasara haijatokea.

Kilichomo hatarini

Mkulima anayepanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mbegu moja katika kila shimo, hupata mashimo yapatayo 18,000 katika ekari moja. Mbegu zikiota kwa asilimia 90, mashimo 1,800 hubaki matupu, na mkulima mzoefu huwa amekwisha kuyaweka katika hesabu zake. Zikiota kwa asilimia 80, mashimo matupu huwa 3,600. Gharama ya kulima, mbolea na palizi haipungui kwa sababu ya mashimo hayo. Kurudishia mbegu wiki mbili baadaye hutoa mimea inayochelewa na kuzidiwa na ile iliyotangulia, na mvua haimngojei mtu.

Upande wa pili, mfanyabiashara naye ana jina la kulinda. Mzalishaji aliyefunga mbegu njema akizushiwa kuwa anauza mbegu mbovu, huenda asiuze tena katika kijiji hicho. Jaribio lililoandaliwa vizuri humlinda mkulima asidanganywe, na humlinda muuzaji mwaminifu asihukumiwe kwa bahati mbaya.

Hatua ya kwanza: Taja kundi na taja sehemu

Kabla ya kulowesha mbegu hata moja, andika kwa maneno yako ni kundi gani unalolipima. Je, ni mbegu zote za kampuni fulani? Ni mbegu zote zilizomo katika duka? Katika mfano wetu, kundi ni mbegu zote zenye namba moja ya loti, namba inayosomeka kwenye lebo ya mfuko. Loti nyingine ya kampuni hiyo hiyo ni kundi jingine, na jibu utakalolipata halitaihusu.

Kisha taja sehemu unayoitafuta: katika kila mbegu 100 za loti hii, ni ngapi zingeota endapo zote zingejaribiwa? Sehemu hiyo ipo, lakini hakuna anayeijua kwa yakini, kwa sababu kuijua kungehitaji kuotesha loti nzima na kubaki bila mbegu ya kupanda. Tunachoweza ni kuchukua sampuli na kukisia kwa uangalifu.

Hatua ya pili: Andika kauli mbili zinazopingana

Wanatakwimu huziita kauli hizi nadharia tete. Ya kwanza, inayoitwa nadharia tete ya msingi, ni kauli tunayoanza nayo kana kwamba ni ya kweli: sehemu ya mbegu zinazoota katika loti hii ni asilimia 90, kama kiwango kinavyotaka. Ya pili, nadharia tete mbadala, ni kauli itakayochukua nafasi ya ile ya kwanza endapo ushahidi utakuwa mzito: sehemu ya mbegu zinazoota ni pungufu ya asilimia 90.

Utaratibu huu unafanana na wa mahakama. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia. Mshtakiwa haanzi kwa kuthibitisha usafi wake. Anayeshtaki ndiye anayeleta ushahidi. Vivyo hivyo, katika jaribio letu lebo inaaminiwa mpaka mbegu zenyewe ziikanushe.

Zingatia mambo mawili. Kwanza, kauli zote mbili zinahusu loti nzima, si sampuli. Ni kosa kuandika kwamba “mbegu 90 kati ya 100 nilizolowesha zitaota”, kwani jambo hilo utalihesabu kwa macho na halihitaji nadharia. Pili, alama ya usawa hukaa upande wa kauli ya msingi, kwa sababu hesabu zote zitakazofuata zinahitaji namba moja mahususi ya kuanzia, nayo hapa ni asilimia 90.

Hatua ya tatu: Chagua upande

Kauli mbadala inaweza kuandikwa kwa namna tatu: sehemu ni pungufu ya kiwango, imezidi kiwango, au inatofautiana na kiwango kwa upande wowote. Uchaguzi hutokana na swali lililokusukuma kupima. Mkulima hana malalamiko mbegu zikiota kwa asilimia 97. Anachokiogopa ni upungufu. Kwa hiyo jaribio lake ni la upande mmoja, upande wa chini.

Upande huchaguliwa kabla ya kuona matokeo. Anayesubiri mbegu ziote ndipo achague upande unaompendelea anafanana na mchezaji anayehamisha goli baada ya mpira kupigwa.

Hatua ya nne: Amua ni hatari kiasi gani unaikubali

Hata mbegu njema kabisa zinaweza kutoa sampuli mbaya kwa bahati tu. Ndiyo maana huwezi kuikataa lebo kwa sababu zimeota 89 badala ya 90. Unahitaji kuamua mapema ni mara ngapi uko tayari kuishutumu loti isiyo na kosa. Kiwango kinachotumiwa mara nyingi ni asilimia 5, yaani katika kila majaribio 100 ya loti zilizotimiza kiwango sawasawa, makosa ya kushutumu bure yasizidi matano.

Namba hiyo si amri. Anayehofia kumharibia mtu jina anaweza kuchagua asilimia 1, akijua kuwa mbegu hafifu nyingi zaidi zitamponyoka. Lililo la lazima ni kwamba kiwango kiandikwe kabla ya jaribio na kisibadilishwe baadaye.

Hatua ya tano: Chukua sampuli kwa haki

Kwa jaribio la nyumbani, mbegu 100 zinatosha kuanzia. Usizichague kwa macho ukiacha zilizovunjika au ndogo. Changanya mbegu za mfuko vizuri, chota kutoka juu, katikati na chini, kisha hesabu 100 bila kubagua. Kama mna mifuko kadhaa ya loti moja, choteni kutoka katika kila mfuko.

Panga mbegu hizo kwenye mchanga safi au kitambaa chenye unyevu, mahali penye joto la wastani, na uzikague kwa siku saba. Hesabu kuwa imeota mbegu iliyotoa mche kamili, wenye mzizi na chipukizi. Iliyopasuka tu au iliyotoa mche uliopooza haihesabiwi. Kwa kuwa mbegu nyingi zimepakwa dawa, vaa glovu, nawa mikono kwa sabuni, na usiwape kuku masalia.

Fanya jaribio mapema, mara baada ya kununua. Mfuko uliokaa wiki tatu juu ya bati la joto au karibu na jiko hautakuambia kama kosa ni la muuzaji au ni la hifadhi yako.

Hatua ya sita: Weka mpaka wa uamuzi

Sasa tuulize: kama kweli loti inaota kwa asilimia 90, sampuli za mbegu 100 zingetawanyika kiasi gani kuizunguka 90? Zidisha 0.90 kwa 0.10, gawanya kwa 100, kisha tafuta kipeuo cha pili. Utapata 0.03, yaani asilimia 3. Hiki ndicho kipimo cha mtawanyiko wa kawaida, na wanatakwimu hukiita kosa sanifu. Angalia kwamba tumetumia 0.90 ya kauli ya msingi, si matokeo ya sampuli, kwa kuwa bado tunaichukulia lebo kuwa ni ya kweli.

Njia hii ya mkato inafaa pale tu tunapotazamia angalau vitu 10 vya kila aina. Sampuli yetu inatazamiwa kuwa na mbegu 90 zinazoota na 10 zisizoota, hivyo inafika ukingoni mwa sharti hilo. Kwa sababu iko ukingoni, ni salama zaidi kutumia hesabu kamili ya uwezekano, ambayo inatoa majibu haya kwa loti yenye uotaji wa asilimia 90:

Uwezekano wa kupata mbegu 85 au pungufu zilizoota ni takriban asilimia 7.

Uwezekano wa kupata mbegu 84 au pungufu ni takriban asilimia 4.

Kwa kuwa tulikubali hatari isiyozidi asilimia 5, mpaka wetu ni 84. Uandike katika daftari kabla ya siku ya kwanza: “Zikiota 84 au pungufu, nitaikataa kauli ya lebo. Zikiota 85 au zaidi, sitaikataa.”

Namna ya kuyasoma matokeo

Tuseme zimeota 82. Matokeo yako chini ya mpaka. Sampuli mbaya kiasi hicho ni nadra sana kutoka katika loti njema, na una msingi wa kusema kuwa loti hii haifikii kiwango. Lakini usiseme kwamba “uwezekano wa mbegu hizi kuwa njema ni asilimia 4”. Asilimia 4 ni uwezekano wa kufika kwenye mpaka au chini yake endapo mbegu ni njema. Si uwezekano wa mbegu kuwa njema.

Tuseme zimeota 87. Zimepungua 90, lakini upungufu huo uko ndani ya mtawanyiko wa kawaida. Hukuikataa lebo. Hata hivyo, hukuithibitisha pia. Mahakama inapomwachia mshtakiwa kwa kukosa ushahidi, haijatangaza kuwa imeyajua yote aliyoyafanya usiku ule.

Tofauti hii ina uzito mkubwa kwa mtumiaji. Ikiwa uotaji wa kweli wa loti ni asilimia 80, jaribio la mbegu 100 lenye mpaka wa 84 litaugundua upungufu huo takriban mara 87 kati ya 100. Lakini ikiwa uotaji wa kweli ni asilimia 85, jaribio hilo hilo litaugundua chini ya nusu ya nyakati, takriban mara 43 kati ya 100. Upungufu mdogo hujificha ndani ya sampuli ndogo.

Kwa nini mbegu kumi hazitoshi

Wengi hulowesha mbegu kumi, zikiota saba wakarudi dukani kwa hasira. Hesabu inaonyesha kwamba loti yenye uotaji wa asilimia 90 hutoa saba au pungufu kati ya kumi takriban mara 7 katika kila majaribio 100. Kwa mbegu kumi, ni sita au pungufu tu zinazoweza kuwa ushahidi chini ya hatari ya asilimia 5.

Maabara za mbegu kwa kawaida huotesha mbegu 400, katika mafungu manne ya mia mia. Kwa mbegu 400 kosa sanifu hupungua kutoka asilimia 3 hadi 1.5, na mpaka wa uamuzi husogea hadi mbegu 349. Hapo loti yenye uotaji wa kweli wa asilimia 85 hugunduliwa takriban mara 9 kati ya 10. Kaya nne zilizonunua loti moja zinaweza kuupata uwezo huo kwa kila moja kuotesha mbegu 100 na kujumlisha hesabu, mradi zimekubaliana kuhusu mpaka kabla ya kuanza.

Tahadhari moja ni muhimu hapa. Kaya ishirini zikipima loti njema kila moja peke yake, kila moja ikiwa na hatari ya asilimia 4, uwezekano wa angalau kaya moja kupata matokeo mabaya kwa bahati tu unazidi nusu. Ikiwa kinachotangazwa kijijini ni matokeo ya kaya hiyo moja, na yale ya kaya kumi na tisa yakanyamaziwa, muuzaji atakuwa ameonewa. Jumlisheni matokeo yote, mazuri na mabaya.

Muuzaji anapodai kuzidi kiwango

Mambo hugeuka pale mfanyabiashara anapotangaza kwamba mbegu zake zinaota kwa “zaidi ya asilimia 90”. Sasa anayedai ni yeye, na mzigo wa kuthibitisha ni wake. Kauli ya msingi inabaki asilimia 90, lakini kauli mbadala inakuwa kwamba sehemu inazidi 90. Akikuonyesha kuwa ameotesha mbegu 100 na zimeota 93, bado hajathibitisha: loti ya asilimia 90 kamili hutoa matokeo mazuri kiasi hicho mara kwa mara. Kwa hatari ya asilimia 5, angehitaji kuonyesha 96 au zaidi kati ya 100.

Kwa hiyo, ukikutana na dai lolote la asilimia, uliza maswali manne: Ni asilimia ya kundi gani? Sampuli ilikuwa na wangapi? Ilichukuliwaje? Na swali lililoulizwa lilikuwa lipi? Swali la mwisho si dogo. Mwaka 2007 mamlaka inayosimamia matangazo nchini Uingereza ilizuia tangazo lililosema kuwa zaidi ya asilimia 80 ya madaktari wa meno wanapendekeza dawa fulani ya meno. Ilibainika kuwa madaktari waliohojiwa waliruhusiwa kutaja zaidi ya chapa moja, na chapa shindani ilitajwa karibu mara nyingi sawa. Hesabu ilikuwapo, lakini msomaji wa tangazo alielewa jambo ambalo halikuulizwa.

Ufanye nini baada ya jaribio

Jaribio la nyumbani si hukumu. Ni sababu nzuri ya kutaka jaribio rasmi lifanyike. Matokeo yakivuka mpaka uliouandika:

1. Usipande mbegu zilizobaki, na usitupe mfuko, lebo wala risiti.

2. Tunza mfuko mmoja wa loti hiyo ambao haujafunguliwa, mahali pakavu na penye ubaridi, kwa ajili ya wakaguzi.

3. Andika tarehe ya kununua, namba ya loti, idadi ya mbegu ulizootesha, mpaka ulioweka na idadi iliyoota.

4. Mjulishe muuzaji kwa maandishi, kwa lugha ya staha, ukimpa nakala ya kumbukumbu hizo.

5. Toa taarifa kwa ofisa kilimo wa eneo lako au kwa Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), ambayo ina mamlaka ya kuchukua sampuli rasmi na kuzipima maabara.

Matokeo yasipovuka mpaka lakini yakawa karibu nao, kwa mfano mbegu 85 au 86, usimshutumu mtu. Waombe majirani wenye loti hiyo wapime pamoja nawe kwa jaribio jipya la mbegu 400, nanyi mwandike mpaka mpya kabla ya kuanza. Usirudie jaribio la mbegu 100 tena na tena mpaka upate jibu unalolitaka. Ukirudia vya kutosha, bahati mbaya itakuja, na utaidhania kuwa ni ushahidi.

Utaratibu huu hautumiki kwa mbegu pekee. Badilisha kundi, badilisha kiwango, nao utafaa kwa vifaranga, kwa balbu za taa, au kwa mayai yanayofika yakiwa mazima. Mpangilio haubadiliki: taja kundi, andika kauli mbili, chagua upande, kubali hatari, weka mpaka, chukua sampuli kwa haki, kisha heshimu jibu hata kama silo ulilolitarajia.